Umefunga konvata mpya, lakini giaboksi bado inaishi na ile ya zamani

Mwezi wa Januari, kaskazi imepamba moto, kijana mmoja wa Muyeye aliniletea Toyota Mark II yake gereji hapa Malindi. Saa saba mchana, boneti haigusiki.

“Shikamoo, Ami.”

“Marahaba, mwanangu. Ina nini?”

“Nimefunga konvata ya stali ya juu, leo wiki ya tatu. Ikitoka, inatoka kweli. Lakini nikishika njia ya Mombasa inanguruma tu, mwendo hauendani na kelele. Na petroli inainywa kama tangi limetoboka.”

Konvata ndicho chombo cha mafuta kinachopokeza nguvu ya injini kwa giaboksi ya otomatiki; stali nitaieleza mbele. Nilichomoa kijiti cha mafuta ya giaboksi, nikakifuta kwenye kitambaa cheupe. Mafuta ya giaboksi ya otomatiki, ATF, yakiwa salama huwa mekundu kama mabuyu ya dukani. Haya yalishaanza kuelekea rangi ya kahawa ya dele, na nilipoyasogeza puani yalinuka kama nguo iliyosahauliwa chini ya pasi. Wiki tatu tu.

Konvata yenyewe haikuwa na kosa. Ilifungwa sawasawa, haivuji, haitikisiki. Ila hakuna aliyeiambia giaboksi kwamba konvata imebadilika. Gia zilikuwa zinabadilika pale pale zilipozoea, lokapu, klachi ya ndani ya konvata, inashika na kuachia kwa ratiba ya kiwandani, presha ni ile ile, na joto lote la ziada linasukumwa kwenye rejeta iliyopimwa kwa konvata nyingine. Nimeliona jambo hili mara nyingi, na linaniuma, kwa sababu anayelipa ni kijana aliyejinyima miezi kadhaa kununua kifaa kizuri. Wanaambiwa “funga konvata”, kinachofuata hawaelezwi.

Mashua iliyofungwa gatini

Aliyebuni chombo hiki hakuwa mtu wa magari. Hermann Föttinger alikuwa mhandisi Mjerumani katika karakana ya meli ya Vulcan, mjini Stettin, na hataza yake ni ya mwaka 1905. Tatizo lake lilikuwa la baharini: tabaini ya mvuke hutaka kuzunguka kasi sana, propela ya meli hutaka kuzunguka polepole. Akaweka kimiminika kati yao kifanye kazi ya gia.

Basi sisi watu wa pwani tunaweza kuielewa konvata bila kuingia darasani. Nenda gati ya wavuvi, tazama mashua ikiwa bado imefungwa kamba na nahodha anaijaribu injini. Propela inazunguka, maji yanachafuka nyuma, kamba inakazana, mashua haiendi popote. Nahodha akizidi kufungua mafuta, injini itapanda raundi, yaani mizunguko kwa dakika, hadi mahali fulani kisha itagoma, maana maji yamekuwa mazito kwake. Pale inapogomea ndipo stali. Sasa badilisha propela, weka yenye mbawa zilizolala zaidi. Injini ni ile ile, kamba ni ile ile, lakini raundi zinapanda juu zaidi kabla maji hayajaishinda. Hiyo ndiyo konvata ya stali ya juu.

Ndani ya konvata kuna magurudumu mawili ya mbawa yanayotazamana, yote yamezama kwenye ATF. La kwanza, impela, limeshikana na injini. La pili, tabaini, limeshikana na shafti inayoingia giaboksi. Katikati kuna la tatu, dogo, stata, ambalo limekaa juu ya beringi inayokubali kuzunguka upande mmoja tu. Impela inarusha mafuta, tabaini inayapokea na kuyarudisha, na yakirudi stata inayageuza yaingie impela kwa mwelekeo wa kusaidia badala ya kupinga. Ni stata hii inayozidisha toki, yaani nguvu ya kuzungusha. Gari likiwa limesimama na injini inasukuma, shafti ya giaboksi hupokea karibu mara mbili ya toki ya injini. Tabaini ikianza kukimbia, nyongeza inapungua, na inapofikia asilimia 85 hadi 90 hivi ya kasi ya impela, nyongeza imekwisha; stata inaachia na kuzunguka pamoja na wenzake.

Faida anayoinunua mtu ni mbili, basi. Injini inaruhusiwa kupanda haraka hadi mahali ilipo na nguvu, na toki yake inazidishwa kwa muda mrefu zaidi gari linapoondoka. Gharama ni moja: kuteleza. Na kuteleza ni joto.

Raundi 2,800 za nani?

Sanduku la konvata ya yule kijana liliandikwa stali 2,800. Watu wengi huisoma namba hiyo kama urefu wa ubao, kitu kilichokatwa kikabaki hivyo. Sivyo. Stali ni mapatano kati ya konvata na injini, na ukibadilisha injini umebadilisha mapatano.

Kanuni yake ni hii. Toki ambayo konvata inaweza kuimeza hukua kwa mraba wa raundi: raundi zikiongezeka mara mbili, inameza toki mara nne. Kwa hiyo stali hufuata kipeuo cha pili cha toki. Watengenezaji huipa kila konvata namba yake, huiita K: raundi za stali, gawanya kwa kipeuo cha pili cha toki. Chukua konvata yenye K ya 160. Nyuma ya injini yenye toki ya nyutonimita 300, kipeuo chake 17.3, inapata stali ya raundi 2,770 hivi. Muuzaji ataandika 2,800 na hajadanganya. Ihamishe nyuma ya injini ya Toyota ya 1JZ-GTE, ile ya VVT-i, ambayo kiwandani ilitoka na nyutonimita 378, na konvata ile ile inapanda hadi 3,110.

Sasa geuza upande wa pili. Unatoka sokoni polepole, umegusa pedali kidogo, injini inatoa nyutonimita 60 tu. Kipeuo cha 60 ni 7.75. Mara 160 unapata raundi 1,240. Gari linasogea. Wale wanaotishwa kwamba “hiyo haitoki mpaka ufike 2,800” wametishwa bure. Kwa mguu mwepesi gari hutoka kwa utulivu, labda na kelele kidogo kuliko zamani.

Namba hizi zinakusaidia pia kujua kama ulihitaji konvata hiyo tangu mwanzo. 1JZ-GTE ya kwanza, ya turbo mbili, ilitoa nyutonimita 363 kwenye raundi 4,800. Ya VVT-i, ya turbo moja, ilitoa zake 378 kwenye raundi 2,400. Jina ni moja, tabia mbali kabisa. Ya pili ikiwa kama ilivyotoka kiwandani, nguvu imekwishafika mapema, na stali ya 3,000 inakuruka juu ya mahali pazuri. Ya Prado ya dizeli ya 1KZ-TE hata sitaki kuzungumza kwa urefu: toki yake kuu iko kwenye raundi 2,000, na anayeifungia konvata ya 2,800 ameinunulia gari lake jiko.

Nilimwuliza kijana kama injini ni ya kiwandani. “Turbo nimeweka kubwa, Ami. Inaanza kusukuma kwenye 3,200.” Hapo nikamwelewa. Turbo kubwa bila konvata ya juu ni mateso. Unakanyaga, unasubiri, unapitwa na tuktuk. Uchaguzi wake ulikuwa na akili. Ilibaki kuumalizia.

Kilowati 123 ndani ya chombo cha kukumbatia

Kabla ya kugusa kompyuta, tuliongea kuhusu joto, na naomba msomaji asiruke hapa kukimbilia mambo ya laptop.

Gari likiwa limezuiwa kwa breki na mafuta yamekanyagwa, hakuna nguvu inayokwenda kwenye tairi. Yote inabaki ndani ya konvata, inapika mafuta. Nyutonimita 378 kwa raundi 3,110 ni kilowati 123. Fikiria birika 60 za umeme, kila moja ya kilowati 2, zinachemka kwa pamoja ndani ya chombo unachoweza kukikumbatia. Giaboksi ya aina hii ina mafuta lita 8 hivi. Kwa hesabu ya haraka, kama mafuta hayo yangepokea joto lote peke yake, yangepanda nyuzi 9 kila sekunde. Chuma kinachukua sehemu yake, ni kweli, lakini hesabu inakuonyesha kwa nini vitabu vya Toyota vinaagiza kipimo cha stali kisizidi sekunde 5. Mimi kwa konvata ya juu sikifanyi kabisa mpaka kula ya ziada, yaani kipoza mafuta, iwe imefungwa.

Napenda mafuta yakae kati ya nyuzi 80 na 95. Yakifika 110 naanza kutafuta sababu. Yakifika 120 naegesha, naliacha gari kwenye N injini ikiwaka, pampu iendelee kuzungusha mafuta kupitia kula. Mafundi wana kanuni ya kukadiria kwamba kila nyuzi 10 hivi juu ya 80 hukata maisha ya mafuta nusu. Si sheria ya maabara, lakini rangi ya kahawa niliyoiona kwenye kitambaa inaitetea.

Pima joto mahali pa kweli. Sensa iliyo kwenye sufuria ya giaboksi husoma mafuta yaliyokwisha kupoa. Yaliyotoka kwenye konvata sasa hivi yanapita kwenye paipu inayokwenda rejeta, na hapo ndipo ninapofunga sensa ya geji. Njia ya mafuta naipanga hivi: kwanza rejeta, kisha kula ya ziada mbele yake, kisha yarudi giaboksi. Kula iwe na feni yake, kwa sababu mji wetu una foleni zake za sokoni, na upepo wa bahari hauingii chini ya boneti ya gari lililosimama.

Na hapa kwetu kuna adui mwingine. Hewa ya chumvi hula mapezi ya alumini ya kula polepole, na mchanga wa Mambrui huyaziba. Gari linalolala karibu na ufuo lioshwe mbele kwa maji ya bomba, kwa shinikizo dogo yasipinde mapezi. Kula iliyoziba nusu kwenye konvata ya kawaida unaweza usiitambue mwaka mzima. Kwenye hii utaitambua safari ya kwanza.

Gia zibadilike wapi

Sasa kiini chenyewe. Nachukua uwiano wa giaboksi ya A340E ya Toyota: gia ya kwanza 2.804, ya pili 1.531, ya tatu 1.000, ya nne 0.705. Ukitoka ya kwanza kwenda ya pili, kasi ya tabaini huanguka hadi asilimia 54.6 ya ilivyokuwa. Tabaini ilikuwa 6,500, inatua 3,550. Hapo raha tupu: uko juu ya stali, konvata inateleza kidogo, gari linavuta.

Lakini watu hawakanyagi pedali yote kutwa. Mtu anapita lori nje ya Gede kwa nusu pedali. Ratiba ya kiwandani inabadilisha gia tabaini ikiwa 4,000. Inatua 2,184. Injini haishuki nayo, kwa sababu konvata ya juu haina mshiko wa kuivuta chini. Inabaki inaelea karibu na stali yake, 2,800 au zaidi, huku tabaini inahangaika huko chini. Raundi 600 za tofauti zinageuka joto. Dereva anasikia kelele, haoni mwendo, anaongeza mafuta, kelele inazidi. Maneno ya kijana yalikuwa sahihi kabisa: inanguruma tu, haiendi. Hakuwa anaeleza ubovu wa konvata, alikuwa anaeleza gia iliyobadilika mapema.

Dawa ni kuchelewesha badiliko kwa pedali ya kati. Kutoka ya pili kwenda ya tatu kasi hubaki asilimia 65. Badili kwenye 4,000 unatua 2,610, badili kwenye 5,000 unatua 3,265. Huhitaji kuruka hadi 5,000 kwa nusu pedali, gari la familia litakuwa la kuchosha, lakini sogeza kidogo kidogo mpaka tofauti ya injini na tabaini baada ya badiliko isizidi kile ambacho kula yako inakiweza. Pedali nyepesi iache karibu na ilivyokuwa. Pale toki ni ndogo, stali nayo ni ndogo, hakuna ugomvi.

Pedali yote ina jambo kinyume, na hapa hata mafundi wazoefu huteleza. Ratiba nyingi za kubadili gia hazijaandikwa kwa raundi za injini. Zimeandikwa kwa kilomita kwa saa, kasi ya shafti inayotoka, zikilinganishwa na pedali. Chukua difu ya 3.9 na tairi lenye mzingo wa mita 2. Kilomita 64 kwa saa katika gia ya kwanza ni tabaini 5,830. Konvata ya kiwandani ikiteleza asilimia 4, injini iko 6,080. Hii mpya ikiteleza asilimia 10, injini iko 6,480, kwa kilomita zile zile 64. Na konvata ya juu inaiachia injini ipande kwa pupa, wakati kutoka amri ya kompyuta hadi klachi kushika kuna sehemu ya sekunde inayopita. Matokeo yake ni injini kugonga kikomo cha raundi kabla gia haijabadilika, inakatakata kama inakohoa, na mwenye gari anadhani plagi zimekufa.

Kwa hiyo nusu pedali unaisogeza mbele na pedali yote unairudisha nyuma, kwa kilomita chache. Ukizisogeza zote upande mmoja umetatua nusu ya tatizo na kuikuza nusu nyingine. Kwa pedali yote mimi huanza chini kwa makusudi, nilenge badiliko litokee kwenye 5,800, halafu napanda hatua kwa hatua nikitazama raundi halisi zilizorekodiwa, si zile nilizoziandika.

Lokapu na matuta ya barabara ya Mombasa

Lokapu ni klachi iliyo ndani ya konvata. Ikishika, tabaini na impela zinakuwa kitu kimoja, kuteleza kunakwisha, joto linakwisha. Kwa konvata ya kiwandani lokapu ilikuwa ya kubana petroli. Kwa konvata ya juu ndiyo inayoiokoa giaboksi safarini.

Tuendelee na difu ile ile na tairi lile lile. Kilomita 100 kwa saa, gia ya nne, lokapu imeshika: raundi 2,290. Ikiachia, injini inapanda mamia kadhaa ya raundi bila gari kuongeza hata kilomita moja. Ndiyo ile petroli iliyokuwa inanywewa.

Ninyi mnaotumia barabara ya Malindi kwenda Mombasa mnaijua. Matuta Gede, matuta Matsangoni, matuta Tezo. Gari linapanda mwendo, linashuka, linapanda. Ratiba ya kiwandani ya gari la kijana ilikuwa inasubiri mwendo mkubwa na pedali iliyotulia ndipo ishike lokapu. Kabla haijatulia, tuta limefika. Kwenye rekodi niliona vipande virefu vya safari vikiwa havijashika kabisa, na vingine lokapu inashika, inaachia, inashika, mara tatu ndani ya dakika moja. Kushika na kuachia hivyo ndiko kunakokausha na kuunguza kitambaa cha klachi.

Tulifanya hivi. Gia ya tatu ishike kwenye kilomita 60, ambapo injini inakuwa 1,950, raundi zenye afya. Gia ya nne ishike kwenye 75, ambapo injini inakuwa kama 1,720. Ukiwa na tamaa ya kushika nne kwenye 60, injini itaanguka hadi 1,375, itatetemeka na kuvuta kwa taabu kama punda aliyepakiwa mawe ya matumbawe. Chini ya 1,500 sishuki. Kisha kuachia kusiwe kwenye namba ile ile ya kushika. Weka nafasi ya kilomita 8 hadi 10 kati yao: inashika 75, inaachia 66. Bila nafasi hiyo, upepo wa kusi ukikupiga mbele tu, gari linapungua kilomita moja na lokapu inaanza mchezo wake.

Pedali ikizidi asilimia 60 hivi, iachie. Lokapu ya kawaida ina kitambaa kimoja chembamba. Haikuundwa kubeba turbo kubwa kwa pedali yote. Zipo konvata zenye lokapu ya sahani kadhaa, hizo ni habari tofauti, lakini ya kijana haikuwa hiyo na nilimwambia waziwazi.

Kwenye magari ya OBD-II, mfumo wa kompyuta kujitambulia hitilafu, lokapu ikiamriwa kushika na kompyuta ikaona bado inateleza, utapata kodi, yaani namba ya hitilafu, P0741. Kuna watu wanaiandika upya kompyuta ili kodi isitokee. Msikubali. Kodi hiyo ndiyo jirani anayekuamsha usiku nyumba inapoungua.

Presha, na milimita moja ya kebo

Klachi za ndani ya giaboksi hushikwa na presha ya mafuta. Zinapokea toki ya injini ikiwa imezidishwa na konvata, na sasa imezidishwa kwa muda mrefu zaidi kuliko zamani. Presha ikibaki ile ile, zinateleza kidogo kila badiliko. Huhisi kitu. Kinyume chake, utasema gari limekuwa laini, linabadilisha kama siagi. Ulaini huo kwenye gari lenye nguvu ni dalili mbaya.

Kwenye giaboksi za zamani za familia ya A340, presha hufuata kebo inayotoka kwenye mlango wa hewa wa injini. Mtu anakanyaga, kebo inavuta, presha inapanda. Kebo hiyo ina kishikizo kidogo cha chuma kilichobanwa kwenye waya wake. Mlango wa hewa ukiwa wazi wote, umbali kati ya kishikizo na mwisho wa mpira wa kebo unatakiwa uwe milimita 0 hadi 1. Kwenye Mark II ile niliinama na tochi, mwenzangu akakanyaga pedali hadi chini, nikapima: milimita 6. Aliyetoa giaboksi kufunga konvata aliirudisha kebo ikiwa imelegea, akaenda zake. Kwa wiki tatu klachi zilikuwa zinafanya kazi ya injini kubwa kwa presha ya mguu mwepesi. Spana ya 12, dakika kumi, na tatizo kubwa kuliko yote likawa limeondoka. Nilisimama pale kidogo nikiwa na hasira.

Magari mapya hayana kebo. Kompyuta yao huhesabu toki inayoingia giaboksi, na katika hesabu hiyo imehifadhi tabia za konvata ya kiwandani, K yake na kiasi inavyozidisha toki. Ukibadilisha konvata bila kubadilisha jedwali hilo, kompyuta inahesabu kitu ambacho hakipo, na presha inayoitoa ni ya kubahatisha. Anayetyuni gari la namna hiyo aanzie kwenye jedwali la konvata ndipo aende kwenye ratiba za gia. Akimaliza afute mafunzo ya zamani ambayo kompyuta imejizoesha, kisha gari liendeshwe kwa mguu wa taratibu ili lijifunze upya.

Kompyuta za Toyota za miaka ya 1990 kama ile ya kijana hazikuundwa kuandikwa upya kwa waya. Alilazimika kununua kontrola ya pekee ya giaboksi, inayoamuru solenoidi, yaani vali za umeme, za gia na ya lokapu yenyewe. Ni gharama, na ni afadhali mtu aijue kabla ya kununua konvata kuliko baada.

Upande wa injini sitakaa sana. Konvata ya juu haiilemei injini gari likisimama kwenye D, hivyo mngurumo wa kusimama unaweza kupanda na unahitaji kushushwa kidogo. Pia injini sasa inafanya kazi nzito kwenye raundi ambazo zamani ilizipita haraka, kati ya 2,500 na 3,500. Mchanganyiko wa hewa na petroli pale utazamwe upya, hasa kama kuna turbo.

Alfajiri tukatoka

Tulijaribu saa kumi na moja na nusu asubuhi, barabara ikiwa tupu. Kijana anaendesha, mimi nimeshika laptop mapajani. Niliweka mistari sita kwenye kioo: raundi za injini, raundi za tabaini, kasi ya gari, pedali, amri ya lokapu, joto la paipu. Ukikosa raundi za tabaini, zipate kwa hesabu: kasi ya shafti inayotoka mara uwiano wa gia. Bila mstari huo unatyuni kwa masikio, na masikio hudanganywa na eksozi.

Kupita Gede, badiliko la pili kwenda tatu kwa nusu pedali lilitua tabaini 2,900 na injini 3,150. Tofauti ya raundi 250. Rekodi ya kwanza, kabla hatujagusa kitu, ilikuwa inaonyesha zaidi ya 700. Karibu na Mida lokapu ilishika kwenye 75 na mistari miwili ya raundi ikalala mmoja juu ya mwingine, huwezi kupitisha wembe katikati. Joto 91. Kijana alitaka kupiga kelele ya furaha, nikamwambia atazame barabara.

Kwenye matuta ya Matsangoni bado ilikuwa inaachia mapema kidogo kuliko nilivyopenda. Tukasimama kando, nikashusha kuachia kutoka 66 hadi 64, tukageuza. Kurudi haikuachia ovyo hata mara moja.

Mafuta tuliyabadilisha siku ile ile, kwa kufungua nati ya sufuria. Njia hiyo hutoa chini ya nusu, kwa sababu mengi hubaki ndani ya konvata, basi nikamwambia arudi baada ya kilomita 500, na tena baada ya 500 nyingine. Mara ya pili kitambaa kilikuwa cha rangi ya chai ya rangi. Mara ya tatu alishuka na kitambaa chake mwenyewe, akachomoa kijiti kabla sijafika, akanionyesha. Kilikuwa chekundu.